Usimwekee Mfiwa Maneno ya Ayubu Mdomoni

Mtoto hajazikwa bado, na tayari kuna mtu amemshika mama mkono na kumwambia, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Kisha anangoja amina. Inaniuma kila nikisikia. Aliyetamka neno hilo ni Ayubu mwenyewe, joho limeraruliwa, kichwa kimenyolewa, watoto wake 10 wamekufa siku moja. Hakuletewa na jirani. Neno lile ni ungamo la mfiwa. Ukimlazimisha mwingine aliseme, unamwamuru anyamaze.

Na endeleeni kusoma, jamani. Sura ya 1 ya kitabu chake katika Biblia, Ayubu anabariki. Sura ya 3 analaani siku aliyozaliwa. Mtu ni yule yule. Katikati hapo marafiki zake watatu waliketi naye chini siku 7, usiku na mchana, bila neno, na hapo walifanya vema. Waliharibu walipofumbua vinywa. Elifazi, Bildadi na Sofari hawakuweza kuvumilia maumivu yasiyo na sababu, basi wakaanza kumtafutia dhambi. Sura baada ya sura wakamtetea Mungu, na mwishowe Mungu akawakasirikia wao! Akawadai ng'ombe 7 na kondoo waume 7, tena Ayubu ndiye awaombee. Aliyelalamika ndiye aliyehesabiwa kunena yaliyo sawa.

Je, aliambiwa sababu? Hakuambiwa. Sura mbili za kwanza, zinazoonyesha Shetani akiomba ruhusa ya kumjaribu, tumezisoma sisi, yeye hakuzisoma. Mungu alimjia katika upepo wa kisulisuli, akamuuliza maswali, na Ayubu akatulia kwa kuwa amemwona yule aliyekuwa akimlilia.

Haya, wengi husema kwa upendo. Na Warumi 8:28, kwamba Mungu hufanya kazi katika mambo yote kwa wema wa wampendao, ni kweli. Ila kuna saa ya kuisema.

Ukienda kwa mwenye maumivu, keti. Akitaka mwombe, fungua Zaburi 13, aya 6 tu. Aya ya 1 na 2 zinauliza "hata lini" mara 4. Ya 3 na 4 zinaomba. Ya 5 na 6 zinatumaini. Kosa tunalolifanya ni kuikimbilia aya ya 5. Akikwama aya ya 2, ishieni hapo leo, kesho urudi. Zaburi 88 yenyewe inaishia gizani, na bado ni sala, maana giza lile anaambiwa Mungu.

Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Alitaka wasihuzunike kama wasio na matumaini. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro aliyekaa kaburini siku 4, na bado alilia machozi. Martha alimwambia wazi: kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Hakuelezwa sababu ya zile siku 2 ambazo Bwana alikaa pale pale alipokuwa asije. Aliambiwa, "Ndugu yako atafufuka."