Mzee anaekula kitunguu saumu kwa ajili ya presha asifokewe

Huku Mtwara wazee wengi wa presha wanakula kitunguu saumu kimyakimya, wakifika kliniki hawasemi, maana wakisema tu wanafokewa waache mambo ya mitishamba wanywe dawa. Mtaani nako kuna wauza tiba wanaomwambia mgonjwa vidonge atupe, saumu na limao vinatosha. Wote wanamkosea huyu mzee, ila hao wa kufoka ndo wananiuma zaidi.

Kwa sababu kitu chenyewe kipo jamani. Ile harufu kali inayoganda vidoleni hadi kesho yake inatokana na alisini, kemikali ya kitunguu saumu, na kwenye punje nzima haimo, inatengenezeka pale unapoiponda, kwa hiyo bibi anaetwanga punje mbichi kwenye kinu akaiacha dakika kadhaa ndo akala na uji anajua anachofanya, kuliko sie tunaotupia punje nzima kwenye mafuta ya moto wakati moto unaua kimeng'enya kinachoitengeneza hiyo alisini. Na saumu inaua bakteria, hilo limeshaonekana maabara.

Sasa hiyo presha. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwa wenye presha ya kupanda ile namba ya juu ya kipimo cha presha inashuka kwa wastani wa kama 8. Watu wanaidharau hii 8, wakati haiko mbali sana na anachoshusha mtu kwa kidonge kimoja cha presha! Mzee wa 150 akifika 142 kapata kitu. Lakini mwenye 180 akishuka 8 yuko 172, kiharusi bado kinamnyemelea, na huyo ndo anaeambiwa na muuza tiba atupe vidonge. Halafu tafiti nyingi zilitumia unga na vidonge vya saumu vyenye kipimo, sio punje za fungu la sokoni.

Afrika Kusini waziri wa afya Manto Tshabalala-Msimang aliipigia debe saumu kwa wenye UKIMWI huku ARV zikicheleweshwa, watu wakafa, hilo silitetei kabisa.

Ila kufoka kunaleta hatari yake. Saumu nyingi inafanya damu ichelewe kuganda, anaetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anaesubiri upasuaji daktari lazima ajue mapema, na atajuaje kama mzee kashazoea kuficha? Muulizeni kwa upole tu, shikamoo bibi, saumu unakula punje ngapi kwa siku, mbichi au ya kupikwa, na vidonge vyako unameza?