Lubumbashi inaomba risasi, lakini kwa mahakama ipi?

Katika komini za Katuba, Ruashi na Annexe, hapa Lubumbashi, huhitaji kuzunguka sana kumpata mtu anayeunga mkono adhabu ya kifo. Majambazi wakivunja nyumba usiku na kuacha maiti, asubuhi kauli ni moja tu: wapigwe risasi. Waraka uliotiwa saini tarehe 13 Machi 2024 na Rose Mutombo, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Kongo, uliondoa usitishaji wa kuua waliohukumiwa kifo uliokuwapo tangu 2003. Ulitaja mambo mawili: wasaliti ndani ya jeshi, na ujambazi wa mijini unaosababisha vifo. Kivu, kwenye vita, iko mbali na hapa. Kwa hiyo sehemu iliyogusa masikio ya Lushois, yaani wakazi wa Lubumbashi, ni hiyo ya pili.

Tusiwadharau wanaosema hivyo. Wana mfano mzito, nao ni wa hapahapa. Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wanamgambo, alihukumiwa kifo Kipushi mwezi Machi 2009 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi, akatoka pamoja na wafungwa karibu 1,000. Vijiji vya Mitwaba, Manono na Pweto vikateketea tena, na Machi 2013 wapiganaji wa kundi lake la Bakata Katanga wakaingia mpaka katikati ya jiji. Mwaka 2016 alijisalimisha, akapokelewa kama mgeni wa heshima na kupewa nyumba Lubumbashi. Machi 2020 akatoroka tena. Mama aliyefiwa na wanawe Mitwaba akiuliza kwa nini mtu huyu hakuuawa mwaka 2009, mimi sina jibu la haraka la kumpa. Ninachoweza kusema ni kwamba lango la Kasapa halikushindwa kwa sababu ya huruma, na nyumba ile hakupewa na watetezi wa haki za binadamu.

Lakini wapinzani wa adhabu hii hawasikilizwi vizuri. Wakifungua mdomo tu wanaambiwa wanawaonea huruma wezi, au wanatumwa na wazungu. Wengi wao hawazungumzii mwizi hata kidogo. Wanazungumzia jaji.

Chukua Januari 2003. Mwezi huo mahakama ya amri ya kijeshi, ile Cour d'ordre militaire ambayo hukumu zake hazikuwa na rufaa, ilimaliza kesi ya kuuawa kwa Rais Laurent-Désiré Kabila. Watu wapatao 30 walihukumiwa kifo, akiwamo Kanali Eddy Kapend, msaidizi wa rais. Mwezi huohuo watu wengine 15 waliokuwa wamehukumiwa na mahakama hiyo waliuawa kwa siri Kinshasa. Kisha risasi zikanyamaza, na Kapend akabaki katika gereza la Makala, Kinshasa. Alikaa karibu miaka 20 akisema hana hatia. Januari 2021 Rais Tshisekedi akamwachia kwa msamaha. Baadaye akapewa ujenerali na kukabidhiwa kanda ya 22 ya kijeshi, yenye makao yake hapa Lubumbashi.

Msomaji asipite hapo haraka. Dola ileile iliyosema mtu huyu anastahili kufa kwa kumuua mkuu wa nchi ndiyo iliyompa askari wa Haut-Katanga awaongoze. Haiwezekani kwamba imefanya sawa mara zote mbili. Sijui nani alimuua Mzee Kabila, na hoja hii haihitaji nijue. Kama zamu ya Kapend ingekuja pamoja na wale 15, leo tungekuwa tunafundisha watoto kwamba haki ilitendeka. Na wale 15? Hakuna msamaha wa rais unaoweza kuwafikia. Kati yao huenda walikuwamo wauaji wa kweli, huenda hawakuwamo. Faili lao lilifungwa pamoja na makaburi.

Wanaounga mkono hujibu kwamba hayo ni ya zamani, na ya siasa, na kwamba jambazi aliyekamatwa na bunduki mkononi hana utata. Ni kweli, kesi kama hizo zipo. Ila sikiliza malalamiko ya watu haohao siku ya pili: «Wanakamatwa leo, kesho tunawaona mtaani.» Kila mtu anajua kinachowatoa. Mwenye ndugu wa kutafuta pesa anatoka. Asiye na mtu anabaki. Sasa mahakama hiyo tunayoilaani kwa kuuza milango ndiyo tunayotaka kuipa bunduki. Jambazi mkubwa, mwenye mkono ofisini, ataendelea kutoka kama alivyokuwa akitoka. Atakayefungwa kwenye mti ni kijana aliyekosa pesa ya avoka, yaani wakili, pengine mwizi, pengine mpita njia aliyeokotwa katika msako wa usiku.

Hoja nyingine sizipi uzito mkubwa. Kanisa Katoliki, tangu Papa Fransisko abadilishe katekisimu mwaka 2018, linafundisha kwamba adhabu hii haikubaliki, lakini nimewaona wanaotoka misa ya kwanza wakidai watu wanyongwe. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia iliifuta katika sheria yake ya jinai Desemba 2022, na sijasikia mfanyabiashara wetu akiogopa kulala Kitwe kwa sababu hiyo. Hata hivyo Zambia ilikuwa haijamnyonga mtu tangu 1997, kwa hiyo mfano huo hauthibitishi mengi. Wanasheria nao wana ibara ya 16 na ya 61 za Katiba, juu ya uhai. Hazijambadilisha mtu Katuba.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili zingeweza kulidai kesho, bila kukubaliana juu ya kifo chenyewe. Ibara ya 156 inasema mahakama za kijeshi ni za wanajeshi na polisi, lakini raia wanaoshtakiwa kwa wizi wa silaha wanaendelea kupelekwa huko, mara nyingi katika kesi za haraka mbele ya umati. Anayetaka wauaji wafe anapaswa kutaka pia wahukumiwe na majaji wanaowahusu, kwa mashahidi waliohojiwa, na rufaa inayosikilizwa kweli. Mpaka sasa waraka umerudisha kikosi cha kufyatua risasi, na haukugusa lolote katika njia inayomfikisha mtu mbele yake.