Mwenyekiti Sikulia

Kabla hamjaisikiliza ile sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye magrupu, nisikilizeni mimi mwenye tope langu. Sikulia. Maji hayakunifika kidevuni. Na sikumwita mama mara tatu. Nilimwita mara mbili, na ya pili ilikatika katikati, kwa hivyo hesabuni moja na nusu.

Aliyerikodi ni mweka hazina wa klabu yetu ya mazingira, rafiki yangu tangu tuko chuoni tunasoma juzuu. Hazina ya klabu haijawahi kuvuka shilingi elfu kumi na mbili. Anachokiweka yeye ni aibu za watu, na hizo hazipungui hata senti.

Basi. Jumamosi tulikuwa na safari ya kupanda mikoko kijiji kimoja upande wa Wete, huku kwetu Pemba. Kijiji sikitaji, maana Mungu akijaalia huenda nikaoa huko, sitaki kuanza na wakwe vibaya. Na skuli siitaji. Mnaojua mnajua, mkae kimya.

Mimi mtoto wa Chake mjini. Bahari naijua ya kuiangalia nikiwa ndani ya gari. Katibu wetu, yeye baba yake ana ngalawa, na Alhamisi aliniambia, tena kwa adabu: "Mwenyekiti, Jumamosi mwezi unatimia siku kumi na tano. Bamvua hiyo, maji hujaa sana na kupwa sana. Maji yanakupwa saa nne, tukichelewa yatatukuta."

Nikamjibu mbele ya klabu nzima: "Bahari haihami, Katibu."

Watu wakacheka. Nikajiona mtu.

Na tulichelewa kwa sababu yangu. Nilikuwa nangoja fulana. Nilitoa pesa zangu zote za sikukuu nikaenda kuchapishiwa fulana nyeupe yenye neno MWENYEKITI mgongoni, herufi za kijani, bega kwa bega. Fundi kasema saa mbili, fulana ikatoka saa nne na nusu, rangi bado inanata. Wanafunzi thelathini na miche yao wamo garini, gari imesimama juani, wanangojea mgongo wangu.

Njiani nikawapoza kwa hotuba. Nikawaambia mikoko ilivyokatwa kwa kuni, kwa kuchomea chokaa, kwa boriti, na zamani boriti hizo zikipakiwa majahazini hadi Uarabuni kujengea majumba. Nikamalizia kwamba mkoko husimama topeni umri wake wote wala hauyumbi, na mizizi yake hulishika tope lisichukuliwe na bahari. Hapo pa "kushika" mweka hazina amepazungumza sana kwenye sauti yake. Mtapasikia.

Tukafika saa sita kasoro.

Kupanda mkoko, kwa wasiojua, si kazi ya kutia jasho. Mbegu yake huota ikiwa bado iko juu kwa mama yake, inaning'inia ndefu kama tunda la mlonge. Unaichukua, unaichomeka topeni wima, unapiga hatua, unachomeka nyengine. Watoto wa kile kijiji walikuwa wakichomeka kwa mkono mmoja, mkono wa pili una embe. Lakini mimi sikuja kuchomeka. Mimi nilikuja kupigwa picha.

Wenzangu wote walikuwa pembeni ya mikoko mikubwa, palipo pagumu. Mbele kidogo pana uwanda wa tope, laini, linang'aa, halina hata unyayo mmoja wa mtu. (Jiulizeni kwa nini halina unyayo. Mimi sikujiuliza.) Nikampa mweka hazina simu, nikamwambia, "Nipate mgongo, bahari iwe mbele yangu."

Mguu wa kulia ukaingia hadi kwenye kifundo. Si kitu. Baridi, laini, kama uji uliolala. Nikauleta wa kushoto uje kumsaidia mwenzake, ukapita kifundo, ukapita ugoko, ukaenda kutua gotini. Nikasema basi nautoa wa kulia. Sasa, ukitaka kuutoa wa kulia lazima uegemee wa kushoto. Nikaegemea wa kushoto, ukashuka. Nikaegemea wa kulia, nao ukashuka. Yakhe, nilikuwa nateremka ngazi.

Nyuma yangu nasikia, "Hapo hapo, Mwenyekiti! Usitikisike!"

Likanifika mapajani, likasita. Harufu ya yai viza ikapanda. Kaa mmoja mdogo, gando lake moja kubwa kuliko yeye mwenyewe, akatoka shimoni akawa ananipungia, juu, chini, juu, chini, kama mtu anayeaga meli pale bandari ya Mkoani. Nikamwangalia. Halafu nyuma yake nikaona mstari mwembamba wa maji unakuja, hauna haraka, umebeba povu na jani moja kavu. Mstari ukafika kwa kaa. Kaa akaingia ndani, akafunga mlango wake.

Mimi sikuwa na mlango. Ndipo nilipoita mama.

Na hili mweka hazina hakulisema, sijui kwa huruma au analiwekea dakika tano za kesho, bora niliseme mwenyewe: baada ya mama niliinua kidole nikaanza kutoa shahada. Kwa sauti. Nimefumba macho. Nimefika katikati nasikia mtu ananiuliza, "Mwanangu, una nini?"

Kufumbua macho, bibi mmoja anatoka kwenye mwani wake, gunia kichwani, kanga kaikaza kiunoni, kasimama hatua nne kutoka kwangu juu ya mchanga. Maji yamemfika kwenye kifundo cha mguu. Kifundo, jamani.

"Shikamoo, bibi." Adabu nilikuwa sijazama nayo.

"Marahaba. Wafanya nini humo?"

"Napanda mikoko, bibi."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka pale nilipoishia. "Mbona umejipanda wewe?"

Nikasikia klabu nzima nyuma yangu ikianguka kwa kicheko. Bibi hakucheka. "Usitapetape, ukivuta nalo linavuta. Lala ubavu."

Nikaifikiria fulana. Wallahi, kwenye hali ile, niliifikiria fulana. "Bibi, hakuna njia nyengine?"

"Ipo. Saa kumi maji yakijaa yatakutoa yenyewe."

Nikalala. Ubavu wa kushoto, shavu juu ya gunia la mwani alilonibwagia, mkononi nimeshika ncha ya kanga, ncha ya pili ameishika bibi na watoto wanne wa maembe. Katibu anahesabu: moja, mbili, vuta. Mguu wa kwanza ukatoka na mlio ambao siuandiki hapa. Wa pili ukatoka bila raba. Raba ya kaka yangu, na kaka hajui. Kaka, ukisoma hapa, nitakupigia.

Nikaoshwa miguu kisimani, nikafungwa kanga ya bibi, nikapakiwa garini. Kanga imeandikwa ASIYESIKIA LA MKUU HUVUNJIKA GUU, na Katibu aliisoma kila gari iliposimama, toka huko hadi Chake. Ripoti yake imeshafika kwa mwalimu mlezi. Miche iliyopandwa: 214. Miche iliyolaliwa na Mwenyekiti: 6. Mwalimu katia saini bila kusema neno, ila mabega yalikuwa yakimtikisika.

Picha ziko 37. Hiyo mnayotumiana ni ya mwisho: nimeshatolewa, nimesimama, nimeelekea baharini, kidole bado kiko juu maana nilikisahau. Kwa kuwa nililalia ubavu wa kushoto, tope limekula mgongo nusu kwa nusu, limenyooka kama limepigwa rula. MWENYE haionekani tena. Imebaki KITI.

Jana Jumatatu nimeingia darasani, kidato cha tatu kizima kikasimama, utadhani kaingia mwalimu. Nimefika kwenye nafasi yangu, meza ipo, kiti hakipo. Nikauliza.

"Kiti hakikalii kiti," akasema Katibu, tena kwa adabu ile ile ya Alhamisi.