Mnapanga Wenyewe, na Bado Mnavuruga!

Jamani, watu wa Ngamiani hapa Tanga mna vituko. Mieleka ya kwenye televisheni ya Marekani ikitajwa barazani tu, hakosi mtu wa kuweka kikombe cha kahawa chini na kutoa fatuwa: "Ah, ile ya uongo ile, wanapanga." Ati kafumbua fumbo! Kwani nani hajui? Mpaka mtoto wa kashata anajua. Kinachoniudhi mie si kule kupanga. Jina la mshindi wanalo kwenye karatasi kabla pazia halijafunguliwa, na usiku ukifika bado wanavuruga!

Coastal Union wakifungwa Mkwakwani una wa kumlaumu: refa, mvua, beki kateleza. Kwenye mieleka refa umemwajiri mwenyewe, na umemwambia ahesabu vipi. Ukiharibu hapo utamsingizia nani, majini ya mapango ya Amboni?

Chukueni WCW, kampuni ya mieleka ya Marekani. Ilizaliwa Ted Turner, tajiri wa televisheni, alipoinunua kampuni ya mieleka ya Jim Crockett mwaka 1988, mwaka uleule Coastal walipobeba ubingwa wa nchi, kwa hiyo mtu wa Tanga hana haki ya kusahau. Mwaka 1996 wakafanya jambo la akili: Hulk Hogan, stelingi wa miaka nenda rudi, akageuka adui na kujiunga na Scott Hall na Kevin Nash. Kundi likaitwa nWo. Watu watatu, basi. Wakawashinda WWF, kampuni pinzani, kwa idadi ya watazamaji wiki 83 mfululizo. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungetulia. Wao wakaongeza wanachama, wakaongeza tena, hadi 1998 kundi likapasuka vipande viwili na adui wakawa wengi kuliko wa kuonewa.

Na kazi yenyewe haitaki shahada. Adui anamdhulumu stelingi. Stelingi anamsaka, nawe unahakikisha hawashikani wiki nane, kumi, kumi na mbili. Unatangaza tarehe na ukumbi. Siku hiyo unauza tiketi, stelingi anamlaza mtu, mabega yote mawili chini, refa anapiga turubai mara tatu, mkanda wa ubingwa unahama, watu wanakwenda kulala. Ukileta mvamizi na kiti cha chuma dakika ya mwisho, unamwambia aliyelipa aje mwezi ujao kulipia kitu kilekile. Mara ya kwanza atakuja. Mara ya tatu ataona heri akapunge upepo Raskazone.

Sasa tazameni WCW walichomfanyia Sting, stelingi wao. Mwaka mzima na ushee hapigani, hasemi, uso kapaka rangi, yuko juu kwenye paa la ukumbi na gongo lake anamwangalia Hogan. Watu wanatokwa mate. Desemba 1997, Starrcade, onyesho lao kubwa la mwaka, siku yenyewe hiyo. Mpango ulikuwa Hogan amlaze Sting, refa Nick Patrick ahesabu harakaharaka ili Sting aonekane kadhulumiwa, halafu mwanamieleka mwenzao Bret Hart aje alalamike, pambano lianze upya. Refa akahesabu kwa mwendo wa kawaida! Moja, mbili, tatu, kama anahesabu nazi. Kwa hiyo Bret Hart akaja juu kulalamikia dhuluma ambayo hakuna aliyeiona. Sting alipewa ushindi mwishowe, lakini ladha ilishatoka, na mwezi uliofuata wakamvua mkanda. Mkataba wa Hogan nao ulimpa sauti juu ya matokeo yake mwenyewe. Ukimpa mchezaji peni, usishangae kila barua ikiwa na jina lake.

Na Goldberg, yule asiyeshindwa na mtu, je? Julai 1998 wakampambanisha na Hogan kugombea mkanda, Atlanta, ukumbini watu kama 40,000, na wakalionyesha bure kwenye televisheni. Pambano ambalo watu wangelilipia kwa furaha! Desemba wakamkatia rekodi waliyokuwa wakiitangaza kuwa ushindi 173 kwa kumchoma na kifaa cha umeme, Nash akamlaza.

Halafu ikaja Januari 4, 1999. Nash ni bingwa, Hogan anamgusa kifuani kwa kidole kimoja, Nash anaanguka chali kama kapigwa na lori la mkonge, Hogan bingwa. Kwa saa za Tanga ilikuwa Jumanne, jua linachomoza. Fikiria aliyekesha! Na usiku huohuo mtangazaji wao Tony Schiavone aliagizwa awadokeze watazamaji kwamba upande wa pili, kwa WWF, mwanamieleka Mankind atatwaa ubingwa, kwa kuwa kipindi kile kilisharekodiwa. Lengo ati ni kuwakebehi wapinzani. Watu wakabonyeza rimoti kwenda kumwona Mankind. Nani aliyemshauri mwenye duka kutangaza kwamba jirani leo anagawa?

Mengine nayapitia mbio. Aprili 2000 mkanda wakamvisha David Arquette, mwigizaji wa sinema, ambaye mwenyewe alisema si wazo zuri. Septemba akauchukua Vince Russo, mtunzi wa vipindi, yaani yule anayeandika nani ashinde. Machi 26, 2001, Panama City Beach, kikaenda hewani kipindi cha mwisho cha WCW cha Jumatatu, na kampuni ilishakuwa mali ya mpinzani, WWF.

Mtasema waliofuata walijifunza. TNA, kampuni nyingine ya mieleka iliyozaliwa 2002, ilimleta Hogan huyohuyo na Machi 2010 ikahamishia kipindi chake Jumatatu kushindana na wakubwa. Mei ikarudi Alhamisi, kimya kimya, kama mtu aliyeingia msiba usio wake. Na ulingo wao sasa! Mwaka 2004 wakaweka wa pembe sita. Mwaka 2010 pembe nne, mashabiki wakapiga kelele. Mwaka 2014 sita tena. Mwaka 2018 nne tena. Katika biashara yote ile, nadhani mwenye uhakika wa kazi alikuwa fundi wa kuchomelea.