Mama alisikia "sketi"

Nilimwambia mama kwenye simu kwamba mjukuu wake, huku ughaibuni tunakoishi, siku hizi anacheza skeiti. Kimya. Kisha: "Sketi? Mtoto wa kiume?" Ikabidi nieleze: ubao wenye magurudumu manne, na uwanja wa zege ulioinuliwa hapa na kuchimbwa pale kama bakuli kubwa. Nani anawasimamia? Hakuna. Mnalipa kiasi gani? Hatulipi. Akaguna, ule mguno wake wa kutoniamini.

Hata mimi siku ya kwanza nilizunguka nikitafuta lango na mlinzi. Kuna bango tu: vaa helmeti, usilete chupa za kioo. Basi nikamkaza mwanangu ukanda kidevuni, nikamfunga vikinga vya magoti na vya viganja, nikaketi kwenye benchi.

Akasimama ukingoni, ubao kwapani. Dakika kumi. Ishirini. Wenzake wanashuka, wanapanda upande wa pili, wanarudi, na yeye bado anangoja aambiwe "haya, zamu yako". Nikajua kosa ni langu. Nimemlea hivyo: mdogo hajipenyezi mbele ya wakubwa. Pale hakuna wa kukukaribisha. Unaweka mkia wa ubao juu ya bomba la chuma la ukingoni, unaukandamiza kwa mguu wa nyuma, na kila mtu anajua anayefuata ni wewe. Foleni yenyewe ndiyo hiyo.

Binti wa kama miaka kumi na mitano ndiye aliyemwokoa. Alimpeleka kwanza kwenye tuta la chini, akamfundisha kuanguka: magoti mbele, teleza juu ya vikinga, usijikinge kwa mkono ulionyooka, maana hapo ndipo vifundo vya mikono huvunjika. Mwanangu alipofika chini mara ya kwanza bila kuanguka, vijana wakagonga mbao zao kwenye zege, ta-ta-ta. Kwao hayo ndiyo makofi.

Sasa, msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Kitintale, Kampala, vijana walijijengea uwanja wao katikati ya miaka ya 2000. Kangemi, Nairobi, upo mwingine kwenye kituo cha watoto cha Shangilia tangu 2013. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, dhahabu ya kwanza ya wanawake katika mchezo huu ilichukuliwa na Momiji Nishiya wa Japani, mtoto wa miaka 13. Na ujasiri tunao: sisi tulishuka vilima kwa vigari vya mbao vyenye beringi kuukuu, bila breki. Tulichokosa ni mahali pasipo na mwenyewe. Kila uwanja wazi kwetu unangoja tu mtu aje na hati na matofali.

Ila huku nako kuna linalonikera. Wiki iliyopita kitoto fulani kilianguka kikaangua kilio. Watu wazima sita kwenye mabenchi, hakuna aliyenyanyuka. Nikakiinua, nikakipuliza goti. Mama yake akaja mbio, akakipokonya bila neno, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekisukuma. Kwetu angenishukuru, pengine na kunikemea kwa nini sikuwahi kukidaka.

Mama hakuuliza habari za zege. Aliuliza tu: "Na wa kwetu akianguka, nani anamwinua?"

Nikamwambia huwa anainuka mwenyewe.

"Na wewe upo?"

Nipo mama, nimekaa kwenye benchi.