Mistari Elekezi na Nafasi Tupu: Kipi Kinapima Nini

Anayechora kiti kilicho mbele yake hukoseshwa na yale anayoyajua kuhusu viti. Anajua kikalio ni mraba na miguu minne ina urefu mmoja, basi anachora mraba na kuishusha miguu yote hadi mstari mmoja. Macho yake yalimwonyesha kingine kabisa: kikalio kilichobanwa kikawa chembamba, na miguu ya nyuma inayoishia juu zaidi ya ile ya mbele. Wanaofundisha kuchora kwa kuangalia wanabishana kuhusu namna ya kuunyamazisha ujuzi huo usioitwa. Wengine huanza na mistari elekezi, yaani mistari myepesi ya wima, mlalo na mshazari inayoonyesha kila sehemu ikae wapi. Wengine humwambia mwanafunzi asahau kiti, achore nafasi tupu zilizo kati ya miguu, yaani vipande vya ukuta na sakafu vinavyochungulia hapo.

Mistari ina historia ndefu. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti, msanifu majengo na mwandishi wa Italia, alieleza jinsi ya kutandaza kitambaa chepesi chenye nyuzi za miraba kati ya mchoraji na kitu. Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, akachapisha picha za vifaa vya kupimia kinachoonekana mwaka 1525, na mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh naye alikuwa na fremu ya nyuzi mwaka 1882. Kwa hiyo wanaosema kutumia mistari ni kudanganya hawana hoja. Hoja yenye uzito ni kwamba mistari hupima mahali na ukubwa, lakini umbo huiponyoka.

Inatumikaje? Unanyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, unafumba jicho moja, unasimamisha penseli wima (timazi ni bora zaidi, hata ikiwa ni uzi wenye nati mwishoni) na kuuliza: chini ya kona ya egemeo kuna nini? Pengine ni robo ya kikalio, wakati ulidhani ni ukingo wake. Kisha unachagua kipimo kimoja, tuseme urefu wa mguu wa mbele, na kuhesabu unaingia mara ngapi katika urefu wa kiti kizima. Kwa mshazari, unailaza penseli sambamba na ukingo unaouona, nayo ibaki bapa kana kwamba imebandikwa kwenye kioo cha dirisha. Ukiielekeza mbele, kule ukingo unakokimbilia, pembe utakayoipata ni ya uongo.

Mharibifu mkuu ni kiwiko. Penseli ikiwa sentimita 60 kutoka jichoni, kisha mkono ukajikunja mpaka 55, kilichosoma sentimita 10 sasa kinasoma karibu 9.2. Mchoraji haoni kosa likitokea. Anaona tu egemeo limekuwa fupi. Na mkono mzito nao una hasara yake: penseli ngumu ya 2H ikikandamizwa huacha mfereji kwenye karatasi, na hakuna kifutio kinachofuta mfereji. Penseli ya HB, iliyo laini kuliko hiyo, ikishikwa mbali na ncha inatosha.

Nafasi tupu ina faida moja kubwa: haina jina. Hakuna anayekuja na picha kichwani ya pengo lililo kati ya mguu na ubao unaounganisha miguu, hivyo huchora anachokiona, umbo la pande nne lenye kona moja kali. Mapengo yaliyozungukwa pande zote ni rahisi. Yale ya nje ya kiti huhitaji kufungwa kwa dirisha la kadibodi lenye uwiano sawa na karatasi. Kwa A4, tundu liwe sentimita 10 kwa 14.1. Ukitumia tundu la mraba, nafasi za pembeni hazitapata pa kukaa.

Ila njia hii husifiwa kupita kiasi. Pengo kati ya mguu wa mbele na wa nyuma hubadilika kichwa kikisogea: kwa kiti chenye kina cha sentimita 40 kilicho umbali wa mita 2, kusogeza kichwa sentimita 5 pembeni hubadilisha pengo kwa karibu sentimita 0.8, ukilipima usawa wa mguu wa mbele. Kutoka mita 4, inabaki chini ya 0.5. Halafu anayeunga pengo kwa pengo kuanzia juu hubeba makosa madogo njia nzima, na yote huishia kwenye pengo la mwisho, ambalo hugoma kufunga. Na kwa uso unaokutazama, au nguo iliyokunjamana, nafasi tupu hukupa umbo la nje tu.

Kwa hiyo mistari itangulie. Weka alama za juu, chini, kushoto na kulia, pitisha wima na milalo michache. Kwa kiti, mistari 5 au 6 inatosha, maana ikifika 20 hutajua tena upi ni ukingo wa kiti. Ndipo yafuate mapengo, makubwa kwanza.

Wapo wanaozikataa njia zote mbili na kujenga kila kitu kwa masanduku na silinda. Wanasema mwanafunzi wa nafasi tupu hawezi kuchora kiti kikishaondolewa. Ni kweli, na kwa anayetaka kubuni si jambo dogo. Lakini kiti chao mara nyingi ni kiti chochote tu: mguu uliopinda kidogo hupotea, na ndio uliomkalisha mtu chini achore.

Vipimo vikipingana, mistari ikisema mguu uko hapa na pengo likisema uko milimita 3 kushoto, wengi hugawa tofauti katikati na kuharibu vyote viwili. Tazama kwanza miguu ya nyuma. Yote miwili ikiwa imehamia upande mmoja ukilinganisha na ya mbele, kilichosogea ni kichwa. Rudi ulipokuwa, usiguse mchoro. Ukiwa ni mguu mmoja tu, pima upya wima wake. Na ukilazimika kuuhamisha, hamisha kingo zake zote mbili, la sivyo utaunenepesha.