Laini mbili, mnara mmoja

Kila wakiongelea 6G, kizazi cha sita cha mtandao wa simu, utasikia spidi tu. Mimi kwa mambo yangu 4G inanitosha kabisa, ninachotaka kujua ni hivi, siku mambo yakiharibika huo mtandao mpya utabaki hewani au na wenyewe utalala kama hii tuliyonayo? ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, walipopitisha mwongozo wa IMT-2030 mwaka 2023, ambao ndo msingi wa 6G, suala la kuhimili misukosuko waliliweka humo, ila kwenye matangazo ya makampuni hulisikii.

Chukua sisi huku Bongo. Mtu ana laini mbili, tatu, anajiona mjanja, huyu akizingua nahamia kwa yule. Sasa kausogelee mnara wa mtaani kwenu uchungulie ndani ya uzio: kabati la mtandao huu, kabati la mtandao ule, jenereta moja, umeme mmoja, maana minara mingi siku hizi ni ya kampuni zinazopangisha mitandao tofauti hapo hapo. Umeme ukikatika, betri zikaisha chaji na dizeli haijaletwa (au imenyonywa, tunajuana), laini zako zote zinazima pamoja. Hapo huna mitandao miwili, una mmoja wenye rangi mbili.

Baharini yale yale. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, intaneti ikakata Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine kibao kwa sababu mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja, kaskazini ya Durban, Afrika Kusini. Mikongo miwili, wenye tofauti, lakini imelazwa jirani! Na upande wa kaskazini Seacom ilikuwa imeshakatika tangu Februari kule Bahari ya Shamu.

Ila kisa kinachonitisha zaidi ni cha Rogers, kampuni ya simu na intaneti ya Kanada, 8 Julai 2022. Walikuwa wanafanya maboresho, filta moja ya ruta, ile inayozuia taarifa za njia za mtandao zisimiminike, ikaondolewa, mitambo ya kati ikazidiwa na kuanguka, wateja zaidi ya milioni 12 wakabaki hawana simu wala intaneti, malipo ya kadi ya Interac yakagoma nchi nzima. Simu na intaneti ya majumbani vilikuwa vinategemea kiini kimoja, yaani hiyo mitambo ya kati, na hata njia ya mafundi kuingia kurekebisha ilipita humo humo, yaani funguo umezifungia ndani. Mbaya zaidi minara yenyewe ilikuwa inawaka, kwa hiyo simu nyingi ziling'ang'ania mtandao uliokufa badala ya kuhamia kwa jirani, watu wanapiga 911, namba yao ya dharura, haitoki. Bora mnara ungezima kabisa!

Kwa hiyo kwa maoni yangu 6G ianzie hapo. Mnara ukipoteza kiini ujizime wenyewe ndani ya dakika, simu zihamie kwa mwingine bila kuuliza umesajiliwa wapi, na mafundi wawe na njia yao ya pembeni kabisa. Wakanada baada ya lile balaa walikubaliana makampuni yabebane wakati wa dharura. Sisi ambao hela ya chakula, nauli na ada ya mtoto vyote viko kwenye simu tunalihitaji hilo kuliko wao, wala halihitaji kusubiri 6G.

TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, kila robo mwaka wanatoa takwimu za laini zilizosajiliwa. Natamani pembeni yake niione namba ya minara ambayo betri zake zinaweza kufika asubuhi umeme ukikatika saa mbili usiku.